Kumfunza Mbwa, Kumlea Mtu: Nidhamu na Tuzo Hazipimwi kwa Mizani Moja

Katikati ya miaka ya 1960, mwanasaikolojia Daniel Kahneman alikuwa akiwaeleza wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israel namna bora ya kufunza watu. Aliwaambia jambo ambalo majaribio mengi ya wanyama yalikuwa yameshalionyesha: kusifia kilichofanywa vizuri kunafunza kuliko kukaripia kilichoharibika. Mkufunzi mmoja mzoefu akapinga. Yeye, alisema, akimsifu mwanafunzi aliyerusha ndege vizuri, mara inayofuata mwanafunzi huyo huboronga. Akimfokea aliyeboronga, mara inayofuata hufanya vizuri zaidi. Basi wasiambiwe kwamba sifa inajenga na ukali haujengi, wakati wao wameona kinyume chake kila siku kazini.

Alichokiona kilikuwa kweli tupu. Alikosea sababu yake tu. Mwanafunzi aliyerusha vizuri kupita kiwango chake, safari inayofuata aghalabu atashuka kurudi kwenye kiwango chake, asifiwe asisifiwe. Aliyerusha vibaya kupita kawaida yake atapanda, afokewe asifokewe. Kahneman akawataka wakufunzi wote wasimame wakiwa wameipa shabaha mgongo, kila mmoja airushie sarafu mbili. Waliokaribia sana mara ya kwanza, wengi wao walikuwa mbali zaidi mara ya pili. Waliokosa vibaya, wengi wao walisogea. Hakuna aliyepongezwa wala kukemewa katikati.

Kila anayemfunza mbwa, mtoto, mwanafunzi au mfanyakazi yumo ndani ya mtego huu. Tunafoka siku mambo yanapokuwa mabaya kabisa, na siku mbaya kabisa kwa kawaida hufuatwa na siku yenye nafuu. Nafuu hiyo tunaiandika kwenye hesabu ya ukali. Tunasifu siku nzuri kabisa, kesho mambo yakishuka kidogo tunasema sifa zimemlevya.

Kuna mtego wa pili, nao ni mbaya zaidi. Mzazi anapiga kelele, mtoto ananyamaza papo hapo. Mwenye mbwa anavuta kamba kwa nguvu, mbwa anaacha kubweka. Hapo nani amepata tuzo? Aliyepiga kelele na aliyevuta kamba. Kero imekatika, moyo umetulia, na siku nyingine mkono utakwenda kulekule kwa haraka zaidi. Gerald Patterson na wenzake kule Oregon, Marekani, walitumia miaka mingi kuzichunguza familia zenye watoto wakorofi, wakaona jinsi mzazi na mtoto wanavyofunzana ubaya bila kukusudia: mtoto anajifunza kwamba akilia vya kutosha mzazi atakubali, mzazi anajifunza kwamba akifoka vya kutosha mtoto atanyamaza, na kila mmoja anazidi kuongeza sauti. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kwake kipigo kinafanya kazi, simwoni kuwa mwongo. Kweli kinafanya kazi kwa dakika tano zinazofuata, na dakika tano hizo ndizo zinazomfunza yeye kupiga.

Maswali mawili yaliyofungwa fundo moja

Wanaobishana kuhusu mafunzo ya mbwa hugawanyika kambi mbili. Wapo wanaosema mbwa lazima ajue mwenye nyumba ni nani. Wapo wanaosema ukiwa na vipande vya nyama na maneno matamu umemaliza kila kitu. Wanaojitokeza kuwapatanisha husema ni suala la uwiano tu: kidogo hiki, kidogo kile. Hata hao, kwa maoni yangu, wanaacha fundo palepale, maana wameikubali picha ya mizani yenye ukali upande mmoja na wema upande wa pili, kana kwamba ukiongeza huu lazima upunguze ule.

Nidhamu na tuzo zinajibu maswali mawili tofauti. Nidhamu inajibu: ni lipi linaruhusiwa hapa, na je, jibu la leo ni lilelile la kesho, liwe la baba au la mama? Tuzo inajibu: huyu anayejifunza atafikaje kwenye tabia tunayoitaka? Mtu anaweza kuwa na mipaka migumu isiyoyumba na asinyanyue mkono hata siku moja. Mwingine anaweza kuwa mpigaji hodari na nyumba yake isiwe na nidhamu yoyote, kwa sababu alilompigia mbwa jana, leo wageni wakiwepo analichekea.

Msingi wa haya yote ni wa zamani. Mwaka 1898 mwanasaikolojia Edward Thorndike aliandika kuhusu paka aliowafungia kwenye makasha ya mbao. Paka akigusa kikanyagio au kuvuta kamba, mlango unafunguka, na nje kuna chakula. Paka hakuelewa ghafla. Muda wa kutoka ulipungua kidogo kidogo, jaribio baada ya jaribio. Tabia inayofuatwa na kitu cha kuridhisha hurudi. Mwanzoni Thorndike aliamini pia kwamba adhabu hufuta tabia kwa nguvu ileile ambayo tuzo huijenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, baada ya majaribio zaidi, yakiwemo ya watu, akaiacha imani hiyo: tuzo inajenga, lakini adhabu haifuti kwa kipimo kilekile. Mwanasaikolojia mwingine, B. F. Skinner, ambaye kazi yake kubwa ya kwanza ilitoka mwaka 1938, ndiye aliyeupanga uwanja huu kwa namna inayotumika hadi leo.

Mpangilio wake unaeleweka vizuri ukimchukua mbwa anayerukia wageni. Njia ziko nne. Unaweza kumpa kizuri akifanya sahihi: miguu yote minne ikiwa chini, mgeni anamsalimia na kipande cha nyama kinakuja. Unaweza kuondoa kizuri akikosea: akiruka, mgeni anageuka na salamu inakatika. Unaweza kuleta kibaya akikosea: goti kifuani, kola inavutwa. Na unaweza kuondoa kibaya akipatia: kola inabana mpaka akae, akikaa inalegea. Wataalamu huita chanya kile kinachoongezwa na hasi kile kinachoondolewa, wala hawana maana ya uzuri na ubaya. Wengi hupotea njia hapo hapo.

Angalia njia mbili za kwanza. Mpaka uliopo ni uleule mgumu: anayeruka hasalimiwi. Hakuna siku ya huruma, hakuna mgeni maalumu. Hiyo ni nidhamu kamili, na hakuna aliyeumia.

Mlangoni kazi yenyewe inakwenda hivi. Mwenye mbwa ameishika kamba na kuikanyaga mahali pafaapo, kiasi kwamba mbwa anaweza kusimama na kukaa lakini hawezi kupaa. Mgeni anapiga hatua. Miguu ya mbele ikinyanyuka, mgeni anasimama, anarudi hatua moja, kimya. Mbwa anaruka tena. Mgeni anarudi tena. Kisha mbwa, labda kwa kuchoka tu, anatua na kutazama. Hapo hapo, kabla hajapumua mara ya pili: “Vizuri!” na nyama inashushwa mpaka usawa wa miguu yake. Isitolewe juu hewani, kwa maana nyama ya juu inamwita aruke. Ukichelewa kidogo umelipia kitu kingine kabisa, pengine mbweko uliofuata au ule mgeuko wa kichwa. Ndiyo sababu wakufunzi wengi hutumia kijikifaa kinachotoa mlio mfupi kikibonyezwa: mlio unaweka alama kwenye sekunde yenyewe, nyama inaweza kufuata baadaye kidogo. Keller na Marian Breland, waliokuwa wanafunzi wa Skinner, walianzisha kampuni ya kufunza wanyama kwa misingi hii mwaka 1947, na wanyama wa aina nyingi wakapita mikononi mwao.

Kwa nini adhabu ni ngumu kuliko inavyoonekana

Adhabu inaweza kuzuia tabia. Anayekataa hilo anakataa ushahidi. Ila ili izuie kweli inahitaji masharti ambayo binadamu wa kawaida hayawezi: ije papo hapo, ije kila mara, iwe kali vya kutosha tangu mara ya kwanza, na mwenye kuadhibiwa awe anajua la kufanya badala yake. Tukianza kwa upole na kuongeza polepole, mbwa anazoea. Tukikosa mara tatu kati ya nne, tumemfunza kubahatisha. Tukifika nyumbani jioni na kukuta kiatu kimetafunwa asubuhi, hakuna adhabu duniani inayoweza kurudi nyuma kwa muda wa saa nane.

Watu husema: “Lakini anajua amekosa, muone anavyojikunyata.” Mtafiti wa tabia za mbwa, Alexandra Horowitz, aliipima sura hiyo ya hatia mwaka 2009 kwa mbwa 14 na wenye mbwa hao. Mwenye mbwa alikataza kitafunwa, akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa alitii au hakutii, na mara nyingine aliambiwa uongo. Sura ya hatia haikufuata kosa; ilifuata karipio. Tena mbwa ambao hawakula chochote lakini wakakaripiwa walijikunyata zaidi ya wakosaji wenyewe. Tunachokisoma kama toba ni mnyama anayesoma uso wa mtu mwenye hasira na kujaribu kuutuliza.

Halafu kuna Ivan Pavlov. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng’enyo wa chakula, lakini dunia inamkumbuka kwa mbwa waliojifunza kutokwa mate kwa ishara iliyotangulia chakula. Kujifunza huko hakupumziki. Ukimfunza mbwa kwa tuzo au adhabu, wakati huohuo anafunganisha vitu vinavyokuja pamoja. Mbwa anatembea na bwana wake, anamwona mbwa mwingine, anabweka, kola inavutwa shingoni. Bwana anadhani anafunza “usibweke”. Mbwa pengine anajifunza kwamba mbwa wengine wakitokea shingo inauma. Miezi michache baadaye anamshambulia kila mbwa anayemwona kwa mbali, na kamba inavutwa kwa nguvu zaidi.

La hatari zaidi ni ngurumo. Mbwa anayenguruma anatoa onyo, anasema hapa nimefika mwisho wangu. Ukimpiga kwa kunguruma, hujaiondoa hofu iliyomfanya angurume, umeondoa onyo. Siku atakapouma, watu watasema ameuma bila dalili.

Nadharia ya mwenye nyumba kuwa “mbwa mkuu” wa kundi nayo inastahili kuzikwa. Ilitokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja bila kuwa ndugu; Rudolph Schenkel aliwaeleza mwaka 1947. David Mech, ambaye maandishi yake ya mwaka 1970 yalisaidia kuueneza mtazamo huo, alirudi mwaka 1999 baada ya kuwafuatilia porini kwa miaka mingi kwenye kisiwa cha Ellesmere, Kanada, akaeleza kwamba kundi la kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Wanaoongoza huongoza kwa kuwa wao ni wazazi. Mbwa wa nyumbani naye ana historia ndefu ya kuishi na watu, na anapopita mlangoni kabla yako hapangi mapinduzi, anataka kutoka.

Kinachotokea mtu anapomlaza mbwa chali kwa nguvu ili kumwonyesha ukubwa kinajulikana. Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake waliwauliza wenye mbwa waliopeleka wanyama wao kwa wataalamu wa tabia huko Pennsylvania. Kati ya waliowahi kumpiga au kumpiga teke mbwa, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Kwa kulazwa chali ilikuwa asilimia 31. Huko Ureno, Ana Catarina Vieira de Castro na wenzake walichapisha mwaka 2020 utafiti wa mbwa 92 kutoka shule tofauti za mafunzo. Waliofunzwa kwa kuumizwa au kutishwa walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate yao ilipanda zaidi baada ya somo. Wales ilikuwa imeshapiga marufuku kola za shoti ya umeme tangu mwaka 2010.

Upole usio na mpaka nao una gharama

Ningeishia hapo ningekuwa nimewatendea haki nusu tu ya wasomaji. Nyumba nyingi zina upole wa kila namna na mbwa asiyeweza kuishi na watu. Ananyang’anya chakula mezani, anavuta kamba mpaka mabega yanauma, anabweka usiku kucha. Mwenye mbwa anasema anatumia tuzo. Ukimtazama kwa makini, anatumia rushwa: mbwa anagoma kuja, nyama inatolewa mfukoni, ndipo anakuja. Anachojifunza ni kugoma mpaka aone nyama. Tuzo inafuata tendo. Rushwa inatangulia na kubembeleza.

Kosa lingine la wapole ni “leo tu”. Skinner na Charles Ferster walichapisha mwaka 1957 kazi kubwa kuhusu ratiba za tuzo, na moja ya mambo yaliyo wazi kabisa katika uwanja huu ni kwamba tabia inayolipwa mara moja moja bila mpangilio hudumu kuliko inayolipwa kila mara. Anayemnyima mbwa kitu mezani siku sita na kumpa ya saba kwa kumhurumia hajapunguza kuombaomba, amekuimarisha. Nguvu hiyohiyo itumie upande mwema: tabia ikishashika, acha kulipa kila mara, lipa kwa kushtukiza.

Na ukiamua kuacha kulipa tabia mbaya kabisa, jiandae. Mbwa aliyezoea kufunguliwa mlango kwa kubweka, siku ya kwanza usipofungua atabweka zaidi ya alivyowahi kubweka. Hapo ndipo wengi hufungua, na kwa kufungua wanafunza kwamba dawa ni kubweka kwa nguvu mpya. Wahenga waliliona hili kwa watoto: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii hutumiwa sana kutetea fimbo, lakini ukiisikiliza, anayeonywa ndani yake ni mzazi asiyeweza kukivumilia kilio. Imemtaka awe na kifua cha kusimama pale aliposema atasimama, huku mtoto analia. Haikumtuma amlize.

Sehemu kubwa ya nidhamu hufanyika kabla kosa halijatokea, na kwa bahati mbaya haina mvuto wa kusimulia. Kiatu kiwe kabatini. Takataka ziwe na kifuniko. Mtoto wa mbwa atolewe nje akiamka, akila na akimaliza kucheza, ili apate nafasi nyingi za kupatia na chache za kukosea. Kila kosa lililozuiwa ni zoezi la ubaya lisilofanyika.

Maumbile nayo yana sauti. Hao hao Breland, baada ya miaka ya kufanikiwa, waliandika mwaka 1961 kuhusu wanyama walioshindikana. Nguruwe aliyefunzwa kubeba sarafu za mbao na kuzitia kwenye kibubu alifanya vizuri mwanzoni, kisha akaanza kuziangusha njiani, kuzisukuma kwa pua na kuzifukua kama anavyofukua chakula, ingawa kwa kufanya hivyo alichelewesha tuzo yake. Mbwa wa jamii iliyozalishwa kwa kuchimba atachimba. Kumpa kona yake ya kuchimba, na kumsifu akichimba pale, kunaokoa bustani kuliko makaripio ya mwaka mzima.

Je, neno “hapana” halina nafasi? Lina nafasi. Mbwa akikimbilia barabarani utapaza sauti na utamkamata popote utakapomshika. Huko ni kuokoa. Somo lenyewe litakuja kesho, penye utulivu, kwa kumfunza kuitika akiitwa. “Hapana” yenye maana ni fupi, ya sauti ya kawaida, na inafuatwa na la kufanya: hapana, njoo huku, vizuri. “Hapana” inayorudiwa mara arobaini kwa siku imeshakuwa kelele za nyumbani.

Kwa watu

Mbwa na mtoto huenda pamoja sehemu ya njia. Wote wanafaidika na mpaka usiobadilika, wote hurudia kinacholipa, wote huvurugwa na mkubwa ambaye hasira yake haitabiriki. Kisha wanaachana. Mtoto anaweza kuelezwa leo sababu ya jambo la jana. Anapima haki: akiadhibiwa kwa kosa ambalo kaka yake amesamehewa, atakumbuka upendeleo na kulisahau kosa. Na anaitafsiri tuzo yenyewe, anajiuliza kwa nini anapewa.

Diana Baumrind, aliyechunguza familia kule Berkeley kuanzia miaka ya 1960, alitofautisha wazazi wanaoamrisha bila kusikiliza, wazazi wanaopenda bila kudai, na wazazi wanaodai mengi huku wakisikiliza, wakieleza na kuonyesha upendo. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin waliupanga mtazamo huo kwa vipimo viwili, kiasi cha kudai na kiasi cha kumwitikia mtoto, wakaongeza kundi la nne la wasiodai wala kuitikia. Vipimo viwili: ndilo jambo ninalolisisitiza tangu mwanzo. Unaweza kupanda kwenye vyote kwa pamoja, na watoto wa wazazi hao wa kudai na kuitikia ndio mara kwa mara walioonekana kujimudu vizuri. Kwa haki niseme kwamba Baumrind mwenyewe hakulaani kila kofi. Lakini kilichowatenga wazazi aliowaona bora na wale wakali hakikuwa kofi; kilikuwa maelezo, masikio na msimamo.

Kuhusu kipigo cha watoto, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya mwaka 2016 tafiti 75 zenye watoto zaidi ya 160,000. Kati ya matokeo 17 waliyoyapima, 13 yalihusiana na kuchapwa kwa kiasi cha kuaminika kitakwimu, na yote 13 yalikuwa upande mbaya: ukaidi, ukali, afya ya akili kudhoofika. Ni kweli kwamba uhusiano si lazima uwe sababu, kwani mtoto mkorofi huvuta viboko vingi. Hata hivyo anayedai kiboko hujenga ndiye mwenye deni la ushahidi, na katika rundo hilo lote faida haikuonekana.

Tuzo nazo kwa watu zinahitaji mkono mwangalifu kuliko kwa mbwa. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora, wakachora na kukipata, siku za baadaye walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Waliopewa cheti kwa kushtukiza hawakupungukiwa na hamu. Ahadi ya malipo iligeuza mchezo kuwa kibarua. Adhabu ndogo nayo inaweza kugeuka bei. Huko Haifa, Uri Gneezy na Aldo Rustichini walifuatilia vituo 10 vya kulelea watoto ambavyo wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto. Baadhi vikaweka faini. Wachelewaji wakaongezeka, karibu maradufu, na faini ilipoondolewa hawakupungua. Zamani mzazi aliyechelewa alimwonea haya mwalimu. Sasa alijiona amelipia muda wake.

Hata sifa ina namna. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa na kushuka kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Mtu mzima pia. Mkuu wa idara akimwambia mtu “Kazi nzuri sana”, amempa furaha ya dakika. Akimwambia “Umeweka hasara kwenye ukurasa wa kwanza, ndiyo maana tumeweza kuamua asubuhi hii hii”, amempa kitu cha kurudia. Sifa ya aina hiyo inabeba habari, wala hailevyi.

Mpaka kwa mtu uwe unajulikana kabla, na matokeo yake yafanane na kosa. Nyumba imekubaliana simu zote zinawekwa sebuleni saa tatu usiku. Saa tatu na nusu mtoto bado anayo chumbani. Hotuba ya robo saa, kumlinganisha na mtoto wa jirani, kutishia mwezi mzima bila simu: yote hayo ni hasira ya mzazi, na tishio la mwezi mzima wote wawili wanajua halitatimia. “Kesho jioni simu inabaki kwangu” inatosha, mradi kesho jioni ibaki kweli. Na siku akiileta mwenyewe, mzazi aone na aseme: umeileta bila kuambiwa, asante. Siku hiyo ndiyo tunayoipita kimya, kwa kuwa hakuna kero ya kutuamsha.

Kazini ni hivyo hivyo, ila mzigo wa heshima ni mkubwa zaidi. Kosa lisemwe mapema, faraghani, kwa jambo lenyewe bila kumgusa mtu. Yapo makosa yanayostahili mtu kuondolewa, kama kuhatarisha usalama wa wenzake au kuiba, na kiongozi anayeyafumbia macho anawaadhibu waadilifu.

Mwisho niseme na yule ambaye ameshatumia ukali kwa muda mrefu na sasa anataka kubadili. Martin Seligman na Steven Maier walionyesha mwaka 1967 kwamba mbwa waliopata shoti za umeme wasizoweza kuzizuia, wengi wao walipowekwa mahali ambapo kutoroka kuliwezekana walilala chini tu. Nusu karne baadaye, mwaka 2016, wao wenyewe walirekebisha maelezo yao: kulegea mbele ya maumivu ya muda mrefu ndiko kunakokuja kwanza kwa mnyama, kinachojifunzwa ni kwamba matendo yake yana uzito. Kwa hiyo mbwa aliyelelewa kwa kipigo, ukiweka fimbo chini na kushika nyama, wiki za mwanzo anaweza asifanye chochote. Anaganda, anakutazama mkono. Usimwite mjinga. Lipa kila anachojaribu, hata kugeuza sikio, hata kusogeza mguu mmoja, mpaka aamini kwamba kujaribu hakuumi. Na wafanyakazi waliozoea kufokewa, ukiwaita kikaoni na kuwaomba maoni, watatazama meza. Maoni ya kwanza yatakayotoka pengine yatakuwa dhaifu. Yapokee, yaandike, yafanyie kazi sehemu inayofaa, na kikao kijacho useme ni ya nani.